Wanaojuana kwa Sauti

Gari lilizimwa injini kwenye mbuga ya Amboseli, kusini mwa Kenya, na spika kubwa iliyokuwa nyuma yake ikaelekezwa kwa familia ya tembo waliokuwa wakila. Kisha ikachezwa sauti ya tembo jike. Ulikuwa mwito wa kawaida kabisa, ule anaoutoa tembo akitengana na wenzake na kutaka kujua wako wapi. Waliousikia waliitikia, wakaanza kuisogelea spika. Mwenye sauti hakuwapo. Alikuwa ndugu yao, na alikuwa amekufa karibu miaka miwili nyuma.

Jaribio hilo ni la Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na wenzake wa Amboseli, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000. Nilipolisoma kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikakaa kimya. Sidhani ningekuwa na moyo wa kubonyeza kitufe kile. Tembo hawakuwa na namna ya kujua kwamba wanaitwa na mashine. Kwao, binti aliyepotea alikuwa amerudi na anauliza, "Mko wapi?" Nao walijibu kama mtu yeyote angejibu: tuko hapa, njoo.

Lakini jambo lililobaki kichwani mwangu hadi leo ni jingine. Ni kwamba pale ndani ya gari alikuwapo mtu aliyejua kuwa sauti ile ni ya fulani, kwamba fulani huyo amefariki, na kwamba wale wanaokula pale ndio jamaa zake. Bila ujuzi huo, sauti iliyotoka kwenye spika ingekuwa mlio wa tembo tu, na walioitikia wangekuwa kundi la tembo tu. Karibu kila tunachokijua leo kuhusu mazungumzo ya wanyamapori kimepatikana kwa njia hiyo ya polepole: mtu anakaa na wanyama miaka mingi mpaka anawajua mmoja mmoja, halafu ndipo anaanza kuelewa wanachoambiana.

Amboseli kazi hiyo ilianza mwaka 1972. Cynthia Moss, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa habari, pamoja na Harvey Croze, walianza kupiga picha masikio ya tembo. Sikio la tembo ni kitambulisho chake. Lina mipasuko, matundu, pindo zilizochanika kwenye miiba, na mishipa iliyotawanyika kama mito kwenye ramani, na hakuna masikio mawili yanayofanana. Kila familia ilipewa herufi, na watoto wake wakapewa majina yanayoanza kwa herufi hiyo. Familia iliyokuja kujulikana duniani kote ni ile ya EB, ya bibi mmoja aliyeitwa Echo, na ndani yake walikuwamo Ella, Erin, Enid, Eudora, Eliot. Zaidi ya miaka 50 imepita na daftari hilo halijafungwa. Wakenya watatu, Norah Njiraini, Soila Sayialel na Katito Sayialel, wametumia sehemu kubwa ya maisha yao wakiwafuata tembo hao kila siku, wakiandika nani kazaa, nani kafa, nani kaonekana na nani. Ukisoma tafiti zilizotoka Amboseli, kumbuka kwamba nyuma ya kila jedwali kuna macho ya watu waliowatambua tembo mamia kwa sura, kama mwalimu anavyowatambua wanafunzi wake.

Mbuga yenyewe si kubwa, ina kilomita za mraba 392. Kilimanjaro uko ng'ambo ya mpaka, Tanzania, lakini maji yake hupita chini ya ardhi na kuchomoza Amboseli kama vinamasi vya kijani katikati ya nchi ya vumbi. Tembo huja kunywa, hutoka kwenda mbali, hurudi. Wengine huvuka kuja Longido na Enduimet upande wetu. Hawaujui mpaka.

Wanadamu tumeishi jirani na tembo tangu enzi na enzi, na kwa muda wote huo tumesikia sehemu ndogo tu ya maongezi yao. Tulisikia lile baragumu la mkonga, ambalo mara nyingi ni hofu, hasira au furaha iliyopita kiasi. Tulisikia mvumo wa chini utokao kooni, tukadhani ni tumbo linasaga chakula; wawindaji wa zamani waliamini hivyo. Mwaka 1984 Katy Payne, aliyekuwa amezoea kuchunguza nyimbo za nyangumi, alikuwa katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, karibu na tembo waliofungiwa. Alihisi hewa ikimpwitapwita mwilini bila kusikia kitu. Hisia hiyo alikuwa ameikuta utotoni, alipokuwa akiimba kwaya karibu na mabomba makubwa ya kinanda cha kanisa, pale kinanda kinaposhuka kwenye sauti nzito kabisa hadi sikio linaikosa na kifua kinaipokea. Akarudi na vifaa vya kunasia sauti. Kanda zilipochezwa kwa kasi kubwa zaidi, kimya kile kikageuka mazungumzo.

Sikio la binadamu huishiwa nguvu kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Sehemu ya mvumo wa tembo iko chini ya hapo. Payne na wenzake walichapisha habari hiyo mwaka 1986, na wakati huohuo alikwenda Amboseli kufanya kazi na Joyce Poole, aliyekuwa akiwafuatilia tembo wa huko tangu ujana wake. Mambo mengi yaliyokuwa fumbo yakaanza kufunguka. Watafiti walikuwa wameona familia mbili, zimeachana kilomita kadhaa, hazionani, zikigeuka pamoja kuelekea upande mmoja. Walikuwa wameona kundi zima likisimama ghafla, masikio yametandazwa, mguu mmoja umebaki hewani, mtoto ameacha kunyonya, kimya kama picha. Halafu, baada ya nusu dakika, kila mmoja akaendelea na lake. Walikuwa wanasikiliza.

Sauti nzito husafiri mbali kuliko nyembamba. Ndiyo maana ngoma ya harusi ya kijiji cha pili hukufikia kabla ya maneno ya nyimbo. Kwa tembo, saa pia ina maana. Mchana, joto hupandisha hewa na upepo huitawanya sauti. Jua likizama kwenye nyika, hewa baridi hulala karibu na ardhi, ya joto hubaki juu yake, na mvumo uliokuwa ukipotea angani hurudishwa chini na kusambaa. Wataalamu wa hali ya hewa waliopiga hesabu hizo walikuta kwamba katika jioni tulivu mvumo mzito unaweza kufika hadi kilomita 10. Hebu fikiria: saa moja usiku, sisi tunafunga madirisha kuzuia mbu, na huko nyikani uwanja wa mazungumzo unapanuka mara kadhaa.

Sasa wanaongea nini, na nani anaongea na nani? Familia ya tembo ni ya wanawake. Kuna bibi, kuna binti zake, dada zake, wajukuu. Kuna mama mkubwa na mama mdogo wa kila mtoto. Madume hutoka wakibalehe, wengi wakiwa na miaka kama 14, wakaenda kujifunza maisha kwa madume wakubwa. Mabinti hubaki, na kabla hawajazaa huwa yaya wa wadogo zao: mtoto akiteleza kwenye tope, wa kwanza kumkimbilia mara nyingi si mama bali dada. Familia zenye undugu hutembeleana. Zikikutana baada ya kuachana, hata kama ni kwa muda mfupi, huamkiana kwa namna ambayo mtu aliyekulia Uswahilini ataielewa bila mkalimani. Hukimbiliana wakivuma kwa pamoja, masikio yanapigapiga, machozi ya tezi za pembeni mwa uso yanachuruzika, na mkonga wa mmoja unaingia kinywani mwa mwingine. Haijalishi kwamba waliachana asubuhi. Sisi nasi tunajua kwamba mtu aliyekwenda sokoni na kurudi bila kupiga hodi na kuuliza hali amekosa adabu.

Kuna mvumo ambao Poole ameueleza vizuri kiasi kwamba nikiwaona tembo huwa nautafuta. Tembo jike aliyekomaa husogea pembeni mwa kundi, husimama akiwa ameelekea anakotaka kwenda, huvuma, hungoja. Asipoitikiwa hurudia. Maana yake ni "twendeni". Wengine wanaweza kukataa, na kwa dakika nyingi mvumo hupokezana. Mwishowe wanakwenda, au hawaendi. Uamuzi wa bibi una uzito kuliko wa wengine, lakini si amri ya kijeshi. Ni kikao.

Naomba niwaache tembo kidogo, kwa sababu Amboseli ileile ndiyo iliyomfundisha msomi wa dunia kumheshimu tumbili.

Bibi yangu mzaa mama alilima mahindi Kilosa, na msimu wa mahindi kukomaa kazi yetu wajukuu ilikuwa kuamia tumbili. Tuliwachukia kama mtoto anavyomchukia anayemkosesha usingizi wa asubuhi. Siku moja walipiga kelele kwenye mkwaju uliokuwa kando ya njia ya kisimani, na bibi akatuzuia. "Wajukuu zangu, msipite huko, hapo pana nyoka." Tukamuuliza amejuaje. Akatushangaa. "Si mnawasikia wanavyosema?" Tulikwenda na fimbo kwa upande mwingine, tukamkuta amejikunja kwenye nyasi, mnene kama mchi. Bibi hakuona kama amefanya jambo kubwa.

Mwaka 1967 Thomas Struhsaker aliandika kutoka Amboseli kwamba tumbili wana kilio tofauti kwa kila adui. Miaka kumi baadaye Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walikwenda kulithibitisha, tena kwa spika iliyofichwa. Walicheza kilio cha chui wakati chui hayupo: tumbili wakakimbilia mitini. Kilio cha tai: wakatazama juu, wakajitosa vichakani. Kilio cha nyoka: wakasimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980 na yakatikisa imani ya siku nyingi kwamba mlio wa mnyama ni maumivu au hofu tu, kitu kinachomtoka kama chafya. Watoto wa tumbili hukosea. Hupiga kilio cha tai kwa ndege asiye na madhara, hata kwa jani linalodondoka. Wakubwa hutupa jicho juu, wakaona hakuna kitu, wakaendelea kula. Kadiri mtoto anavyokua, ndivyo kilio chake kinavyobaki kwa tai wa kweli.

Jaribio lao jingine halikupata sifa kama lile, nami nalipenda zaidi. Walinasa kilio cha mtoto wa tumbili anayelalamika, wakakicheza mtoto mwenyewe akiwa hayupo mbele ya macho, karibu na majike kadhaa. Mama wa mtoto aligeuka kuangalia spika. Majike wengine waligeuka kumwangalia mama. Yaani walijua mtoto anayelia ni wa nani. Kila mwanamke aliyewahi kukaa uwanjani na jirani zake, kilio kikasikika nyuma ya nyumba na macho yote yakamwelekea yeye, anaijua hali hiyo.

Wataalamu bado wanabishana iwapo vilio hivyo viitwe maneno. Ubishi huo una kazi yake. Mimi naona kilicho kizito zaidi ni yale macho yaliyogeuka kwa mama.

Turudi kwa tembo, na kwa bibi. McComb na wenzake walichukua miito ya tembo wa Amboseli wanaojulikana mmoja mmoja, wakaicheza kwa familia nyingine. Waligundua kwamba jike aliyekomaa anatambua sauti za majike kama 100 walio nje ya familia yake. Kisha mwaka 2001 wakaonyesha jambo ambalo bado nalifikiria kila ninaposikia habari za ujangili. Familia iliyoongozwa na bibi mzee, ikisikia sauti ya jirani anayefahamika, ilitulia. Ikisikia sauti ya mgeni, ilijikusanya, watoto katikati, mikonga juu ikinusa upepo. Familia iliyoongozwa na jike mdogo haikuweza kutofautisha vizuri. Ilijikusanya bure, ikapoteza muda wa kula na kunyonyesha. Na familia zenye bibi wazee ndizo zilizokuwa na uzazi mwingi zaidi. Huenda umri wenyewe haukuleta watoto. Yaelekea kilicholeta ni kujua nani ni nani.

Mwaka 2011 walirudi na mngurumo wa simba. Simba dume ni hatari zaidi kwa familia ya tembo kuliko jike, kwa sababu ya ukubwa wake. Anaweza kumwangusha mtoto wa tembo bila msaada. Familia zote zilijua kwamba simba watatu ni wabaya kuliko mmoja. Lakini kusikia katika ngurumo kwamba huyu ni dume, na kuchukua hadhari inayostahili, kulionekana hasa pale kiongozi alipokuwa na miaka zaidi ya 60. Ni mambo ambayo hayafundishwi kwa siku moja. Madume wa simba huwashambulia tembo kwa nadra, na kiongozi kijana anaweza kuwa hajawahi kukutana nao hata mara moja.

Halafu yakaja majaribio ya sauti zetu sisi. Watafiti waliwarekodi Wamaasai na Wakamba, kila mmoja akisema kwa lugha yake maneno ya kawaida tu: angalieni kule, kuna kundi la tembo linakuja. Tembo waliposikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai walijikusanya, wakanusa hewa, wakaondoka taratibu, kimyakimya. Sauti ya mwanamume wa Kikamba haikuwatisha kiasi hicho. Sauti za wanawake wa Kimaasai, na za wavulana, nazo hazikuwatisha vile. Watafiti wakajaribu kuibadilisha kwa kompyuta sauti ya mwanamume ifanane na ya mwanamke, tembo hawakudanganyika. Utafiti huo ni wa mwaka 2014. Miaka saba kabla yake, wenzao walikuwa wameonyesha kwamba tembo wa Amboseli wanaikimbia harufu ya nguo iliyovaliwa na Mmaasai kuliko iliyovaliwa na Mkamba, na kwamba nguo nyekundu iliyo safi, isiyo na harufu ya mtu, huwatia hasira.

Habari hii isisomwe kwa ubaya. Mmaasai na tembo hukutana kwenye maji yaleyale na malisho yaleyale, na mkuki umetumika pale ng'ombe au mtu alipouawa. Mkulima wa Kikamba hakutani nao kwenye maji hayo. Lakini ni ukweli pia kwamba tembo wa Amboseli walinusurika miaka mibaya ya ujangili kuliko wa mahali pengi kwa kiasi fulani kwa sababu Wamaasai wenye ardhi hawakumpa jangili nafasi. Tembo wamejifunza kumsoma jirani yao kwa undani, na hujui undani wa mtu usiyeishi naye.

Mwaka 2024 likaja jambo jipya, la majina. Michael Pardo, Poole, Moss, George Wittemyer na wenzao walichambua miito 469 iliyorekodiwa kati ya 1986 na 2022 Amboseli na kaskazini mwa Kenya, Samburu na Buffalo Springs. Kwa kila mwito walijua nani alimwita nani. Wakaiachia programu ya kompyuta itafute kama ndani ya mvumo kuna alama ya anayeitwa. Programu ilipatia kwa asilimia 27.5, kwa kubahatisha ingepatia kama asilimia 8. Kisha wakawachezea tembo 17 miito iliyokuwa imeelekezwa kwao, na miito ya sauti ileile iliyokuwa imeelekezwa kwa wengine. Kwa mwito wake mwenyewe, tembo alikuja haraka zaidi na kuitikia haraka zaidi.

Asilimia 27.5 si kubwa, na naipenda kwa sababu hiyo. Sisi nasi hatumtaji mtu jina kila tunapomsemesha. Mama akiwa na mtoto magotini hamwiti jina, humwita akiwa mbali. Kinachonishika ni kwamba majina hayo hayaonekani kuwa mwigo wa sauti ya anayeitwa, kama wafanyavyo pomboo. Kama ni hivyo, basi huenda kuna wakati fulani familia ilimpa mtoto sauti yake, naye akaikubali. Na kwamba tembo wanaweza kujifunza sauti isiyo ya kwao, hilo lilishajulikana tangu Poole alipomweleza Mlaika, tembo jike wa miaka 10 aliyelelewa pamoja na yatima wenzake Tsavo. Boma lao lilikuwa kilomita 3 kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na usiku Mlaika alikuwa akiiga mvumo wa malori.

Sasa tazama kilichotokea pale bibi alipoondolewa.

Afrika Kusini, katika hifadhi ya Kruger, kwa miaka mingi tembo walipunguzwa kwa risasi. Tembo wakubwa waliuawa, baadhi ya watoto wakapakiwa kwenye magari na kupelekwa hifadhi nyingine, Pilanesberg ikiwemo. Walikua, wakazaa, kwa macho ya mtalii ni tembo wazima wenye afya. Watafiti waliwachezea miito kama waliyowachezea wa Amboseli: ya majirani na ya wageni, ya wakubwa na ya wadogo. Wa Amboseli walitofautisha. Wa Pilanesberg hawakutofautisha. Walijibu kila sauti kwa namna ileile ya kutojua. Utafiti huo ulitoka mwaka 2013, miongo kadhaa baada ya risasi zenyewe. Masikio yao ni mazima. Mtu wa kuwaambia yule ni nani ndiye hakuwapo.

Na kwetu Tanzania? Katika hifadhi ya Tarangire, mwaka 1993, ukame ulikuwa mkali mno. Kati ya watoto 81 wa tembo waliofuatiliwa, 16 walikufa ndani ya miezi 9. Familia zilizotoka hifadhini kwenda kutafuta maji mahali pengine zilipoteza wachache. Zilizobaki zilipoteza wengi. Waliochunguza waliona kwamba waliotoka ni hasa wenye mabibi waliokuwa hai wakati wa ukame mkubwa wa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Huenda mtu mmoja kwenye familia alikumbuka njia ya miaka zaidi ya 30 nyuma, akavuma "twendeni", wakamfuata.

Hifadhi ya Mikumi, kwenye mkoa wangu wa Morogoro, iliumizwa vibaya na ujangili kabla biashara ya pembe haijapigwa marufuku kimataifa mwaka 1989. Miaka mingi baadaye Kathleen Gobush, pamoja na Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine na Samuel Wasser, walikusanya kinyesi cha tembo wa hapo na kupima ndani yake homoni za mfadhaiko na vinasaba vya undugu. Waliwakuta majike wanaoishi katika vikundi visivyo na mzee wala ndugu, masalia ya familia yaliyokusanyika kama watu waliookolewa kwenye boti moja. Hao ndio waliokuwa na mfadhaiko mkubwa zaidi na watoto wachache zaidi. Vita ilikuwa imekwisha muda mrefu. Miili yao haikuwa imepata habari hiyo.

Na baada ya utafiti ule, wimbi jingine la ujangili likaja. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabu tembo 109,051. Mwaka 2014 ilihesabu 43,330. Jangili hutafuta pembe kubwa, na mwenye pembe kubwa ni mzee. Kwa hiyo ukisoma kwamba tulipoteza zaidi ya nusu ya tembo wetu katika miaka mitano, hesabu hiyo bado inaficha kitu, maana waliotangulia kufa ndio waliokuwa wakijua. Hata kwa njia ya halali, mwaka 2023 na 2024 madume kadhaa wazee wenye pembe ndefu, baadhi yao wakijulikana Amboseli, waliuawa na wawindaji wenye vibali upande wetu wa mpaka, karibu na Enduimet. Nasema wazi kwamba hili linaniuma. Dume wa umri huo ndiye mwalimu wa madume vijana, na ada ya kibali chake haiwezi kumlipa mwalimu mwingine, kwa sababu mwalimu huyo hutengenezwa kwa miaka 40 na zaidi ya kuishi.

Idadi imeanza kupanda tena, na ni jambo la kushukuru. Askari wa wanyamapori wamefanya kazi ngumu, baadhi wakapoteza maisha. Ila nikisoma taarifa hizo huwa natamani kando ya idadi wawekwe na umri.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye basi kutoka Iringa, tukaingia Mikumi jua likiwa linazama. Dereva alipunguza mwendo, kwa sababu pale barabara inakata hifadhi katikati na kugonga mnyama kuna faini. Upande wa kushoto, mita kama mia moja, walikuwapo tembo tisa, pamoja na mtoto ambaye bado hajui kuutumia mkonga wake. Mbele yao alitembea jike mkubwa, mgongo umebonyea kwa umri, pembe moja imevunjika. Nilimhesabia miaka, nikaona kwamba lazima alizaliwa kabla ya marufuku. Ghafla akasimama. Masikio yakatanda. Wale wanane nyuma yake wakasimama palepale, na mtoto naye. Nilifungua dirisha, nikazuia pumzi. Nilichosikia ni injini ya basi, na abiria wa nyuma akiuliza tutafika Morogoro saa ngapi. Yule bibi alikuwa ameelekea milimani, anamsikiliza mtu.